Mkate Mbichi wa Jumamosi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Utotoni, Kibokoni, Mombasa, walinibandika jina la Kiberiti, nami nikalivaa kama kofia mpya ya Idi. Marehemu mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba nilizaliwa katikati ya kaskazi, ndiyo maana damu yangu haijapata kupoa. Basi mwaka 2014, wakala wa kazi aliponituma Stamford Hill, kaskazini mwa London, kumtunza mzee mmoja wa Kiyahudi aliyevunjika nyonga, wenzangu niliopanga nao chumba waliwekeana dau. Mmoja alinipa wiki mbili. Mwingine, anayenijua zaidi, alinipa siku tatu. Nilikaa miaka mitatu, mpaka mzee alipofariki.

Alikuwa mtu wa Aden, mji wa bandari wa Yemen. Stamford Hill inajulikana kwa Wahasidi, wale Wayahudi wa makoti meusi na misokoto ya nywele mashavuni, lakini katikati yao wamo jamaa waliotoka Aden, wana sinagogi lao na mapishi yao, na ukiingia nyumbani kwao harufu ya uwatu na iliki inakupokea mlangoni. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu wapi. Nilipotaja Mombasa akainua kichwa. "Mumbasa!" Alisema utotoni alikuwa akienda Maalla, bandarini, kutazama majahazi, na mabaharia wa pale walilitaja jina hilo kama mtu anavyotaja duka la jirani. Mkwewe akaleta chai: ya maziwa, imechemshwa pamoja na iliki, tamu hadi meno yanalalamika. Nilipoimeza nikajua nimefika kwa ami yangu, na Ami ndivyo nilivyomwita tangu siku hiyo. Yeye akaniita ibni. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa na matundu, tukayaziba kwa Kiarabu changu cha chuoni na Kiarabu chake cha sokoni: sabuni, mizani, kalamu, subira.

Sheria za jikoni sitazieleza zote. Vyombo vya nyama havikutani na vya maziwa, na sinki ni mbili. Hilo nilishika upesi. Lililonishinda ni umeme wa Sabato. Tangu jua linapotua Ijumaa hadi nyota zitokeze Jumamosi, hawashi wala kuzima kitu. Chakula cha moto hukaa juu ya bamba la umeme lililochomekwa mapema, na halishikwi tena. Watu wa Yemen wana mkate wao wa siku hiyo, kubaneh: unga wa ngano unakandwa, unapakwa samli, unashindiliwa ndani ya sufuria yenye kifuniko, unalala juu ya moto mdogo usiku kucha pamoja na mayai katika maganda yake. Asubuhi, watu wakitoka kusali, unakuta umekuwa wa rangi ya asali. Unamenywa kwa mikono, unaliwa na nyanya iliyokunwa na pilipili za kijani zilizosagwa na giligilani.

Ijumaa moja ya Mei 2015 simu yangu ilikuwa na chaji asilimia tatu. Saa nne usiku, nyumba imelala, nikaingia jikoni gizani, nikachomoa waya wa kwanza niliouona, nikachomeka chaja yangu.

Asubuhi nilimsukuma Ami kwenye kiti chake cha magurudumu hadi sinagogi. Tulirudi na wageni wanane. Mkwewe akafunua sufuria. Unga ulikuwa mweupe, umevimba, unang'aa kama tumbo la changu. Akapasua yai, likamwagikia vidoleni. Akafuata waya kwa macho mpaka ukutani, na pale, juu ya bamba la baridi, ilikuwa simu yangu, imejaa pomoni.

Mwana mkubwa wa Ami alianza kufoka. Na hapa ndipo ujue mimi ni nani: mimi niliyekosa ndiye niliyekuwa nikijiandaa kukasirika zaidi. Nilishakusanya maneno. Nani aliniambia? Kwani ni mkate wa dhahabu? Mdomo ulikuwa tayari umefunguka Ami aliponiuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Ibni, simu imejaa?"

"Imejaa, Ami."

"Alhamdulillahi. Angalau kuna kitu kilichoiva nyumba hii."

Mgeni mmoja akacheka kwa pua. Kisha mkwe naye. Mwanawe alibaki na kidole hewani, hajui akishushie wapi. Nikasema niuchomeke sasa hivi, Ami akanikatalia kwa mkono. Hawezi kuniagiza hilo, na nikilifanya kwa ajili yake hawezi kukila chakula hicho. Walikula mikate ya kawaida ya Sabato, uwatu na nyanya baridi. Alikula kana kwamba ndivyo ilivyopangwa tangu Alhamisi.

Kilichonikaa si mzaha ule. Watu wengi wanaweza kuwa wapole mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nikisubiri wageni waondoke. Kwetu mzazi akikunyamazia mbele za watu, unajua deni linakungoja chumbani. Nikamvua viatu, kimya. Nikamlaza, kimya. Nikammiminia chai iliyokuwa kwenye chupa tangu jana, kimya. Deni halikudaiwa. Nilikaribia kumwomba anigombeze ili nipumue.

Alasiri akaniita nimshikie kitabu chake cha herufi kubwa. Katika miezi ya kati ya Pasaka na mwaka wao mpya, Wayahudi wengi husoma kila Sabato alasiri sura moja ya Pirkei Avot, mafunzo ya mababa katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zao. Alisoma kwa Kiebrania, akanifasiria. Mwenye haya hajifunzi, na mwenye harara hafundishi. Maneno hayo ni ya Hilleli, mmoja wa wahenga wao wa kale. Sijui kama aliutafuta mstari huo makusudi, nadhani aliutafuta.

"Asubuhi ningekupigia kelele," akasema, "ungejifunza nini? Kunichukia mimi na kuificha chaja."

Kisha akafungua sura ya tano, kuhusu tabia nne za watu. Kuna mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kuridhika. Kuna mzito wa kukasirika na mzito wa kuridhika. Hao wawili kila mmoja ana anachopata na anachopoteza. Kuna mzito wa kukasirika, mwepesi wa kuridhika: huyo, akasema, ni hasid. Nikashtuka. Kwetu hasidi ni mtu wa kijicho, unamwombea Mungu akuepushe naye. Kumbe kwa Kiebrania ni mcha Mungu mwenye wema wa ziada, na mtaa mzima niliokuwa nikiishi umejaa watu wa jina hilo! Tulicheka mpaka akakohoa. Wa nne ni mwepesi wa kukasirika, mzito wa kuridhika, na huyo kitabu kinamwita mwovu.

"Wewe ni yupi?"

"Wa nne, Ami." Kwa wakati huo nilikuwa sijazungumza na kaka yangu kwa miaka sita, kwa ajili ya kiwanja cha urithi Likoni.

"Umekiri. Basi pengine umeshahama nusu ya njia."

Hadithi ya Hilleli alinisimulia siku nyingine, nikimkata kucha za miguu, na mahali hapo pana umuhimu wake. Hilleli aliishi Jerusalem, vizazi kadhaa kabla ya Hekalu la Pili la Wayahudi kubomolewa. Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya wahenga wao, inasimulia kwamba watu wawili waliwekeana dau la zuzi 400, sarafu za fedha: atakayeweza kumkasirisha Hilleli atazichukua. Ilikuwa Ijumaa, Sabato iko mlangoni, Hilleli anaosha kichwa. Mmoja wao akapita mlangoni akiita, yuko wapi Hilleli, bila heshima yoyote. Hilleli akajitanda nguo, akatoka. "Mwanangu, unatafuta nini?" Nina swali. "Uliza, mwanangu, uliza." Kwa nini vichwa vya watu wa Babeli ni vya mviringo? Hilleli mwenyewe alitoka Babeli. Akamjibu: umeuliza swali kubwa, ni kwa sababu hawana wakunga mahodari. Mtu akaenda, akangoja, akarudi tena na kelele zile zile. Kwa nini macho ya watu wa Tadmori, mji wa jangwani, ni mabovu? Umeuliza swali kubwa. Wanakaa kwenye mchanga. Mara ya tatu akauliza: kwa nini nyayo za Waafrika ni pana?

Ami akanyamaza hapo. Mimi niko sakafuni, mguu wake mapajani mwangu, mkasi mkononi. Kiberiti kikawaka kidogo, sitadanganya. Nikatazama nyayo zangu. Ni pana.

"Akamjibuje?"

"Mwanangu, umeuliza swali kubwa. Ni kwa sababu wanakaa kwenye mabwawa ya maji."

Nikaifikiria. Aliyeuliza alitaka tusi. Aliyejibu hakuliona tusi hata moja katika yote matatu; aliona wakunga, mchanga, maji. Mtu ana umbo lake kwa sababu ya mahali alipo. Ami akauinua mguu wake mwingine akanionyesha. "Wangu pia ni bapa, na Aden hakuna hata kidimbwi. Hilleli hakujua kila kitu."

Mwenye dau alipoona ameshindwa akamwambia Hilleli: kama wewe ndiye mkuu wa Israeli, wasiwepo wengi kama wewe, kwani nimepoteza zuzi 400 kwa ajili yako. Naye akamjibu kwamba ni bora apoteze 400, na 400 nyingine juu yake, kuliko Hilleli kukasirika. Hapo ndipo nilipomweleza Ami kuhusu dau la wenzangu. Akataka kujua waliwekeana kiasi gani. Pauni ishirini, nikasema. Alisikitika kweli kweli. Aliona nimethaminiwa chini.

Neno lao la mtu mwepesi kuishi naye ni noakh, linatamkwa kama wanavyolitamka jina la Nabii Nuhu. Talmudi inasema nyumba ya Hilleli, yaani wanafunzi wake, na nyumba ya Shamai, mhenga mpinzani wake, walibishana miaka mitatu, kila upande ukidai sheria iko kwake, hadi sauti ikatoka mbinguni: hawa na hawa wanasema maneno ya Mungu aliye hai, lakini sheria inakwenda na nyumba ya Hilleli. Na sababu iliyotolewa haikuwa akili zao kuwa kali zaidi. Walikuwa noakh na wavumilivu wa maudhi, na walipofundisha walitaja maneno ya wapinzani wao kwanza, kisha ndipo yao. Niliposikia hivyo nilimwambia Ami kwamba mawakili wa Mombasa wangekufa njaa.

Nikamuuliza kama alizaliwa hivi. Hakujibu, akanielekeza kwa kidevu kwenye rafu. Pale, kando ya vinara vya mishumaa vya marehemu mkewe, palikuwa na mizani ya shaba ambayo nilikuwa nikiisugua kila Alhamisi. Mkono wake mmoja ulikuwa umepinda, sahani moja inaning'inia chini kuliko nyingine hata zikiwa tupu. Nilidhani ni uzee wa chombo.

Ilikuwa ya baba yake, wa duka la viungo mtaa wa Crater. Desemba 1947, fujo za Aden, watu walivunja maduka ya Wayahudi na kuyachoma. Wayahudi zaidi ya 70 waliuawa. Ami alikuwa na miaka tisa. Alipolieleza hilo alieleza kwa ufupi, akitazama dirishani. Katika duka la baba yake walikuta mizani tu, chini ya majivu, mizima. Ndiyo waliyokuja nayo Uingereza, na Ami akaitumia katika duka lake mwenyewe. Siku moja, Ijumaa, wateja wamejaa, kijana wa dukani akapima binzari ya manjano badala ya bizari nyembamba, mara ya pili. Ami akaishika mizani akaivurumisha ukutani. Haikumpata kijana.

"Waliovunja duka la baba yangu walishindwa kuiharibu," akasema. "Nikaiharibu mimi, kwa ajili ya binzari."

Kuna fundisho katika Talmudi kwamba avunjaye vyombo kwa hasira yake ahesabiwe kama mwenye kuabudu sanamu. Alilijua tangu utotoni, alikuwa amelikariri. Hakuipeleka mizani kwa fundi. Na alianza kujifunza upya akiwa na miaka zaidi ya 40, mahali pamoja tu: Ijumaa jioni. Ijumaa ndiyo siku ya kelele katika nyumba ya Kiyahudi, kwa sababu jua halisubiri mtu. Wahenga wao walisema mtu aulize mambo matatu nyumbani kabla ya giza, la mwisho likiwa kuwahimiza wawashe taa, na mmoja wao akaongeza kwamba ni lazima ayaseme taratibu ili yapokewe. Basi Ami alijipa kazi hiyo moja. Wiki nzima nyingine alijiruhusu kufoka. Alisema ilimchukua miaka mingi kuivusha Ijumaa ifike hadi Jumanne. Ndiyo maana nilipomkuta alikuwa akinong'ona kila machweo ya Ijumaa, mpaka mkwewe aliyekuwa akikimbia na sufuria alilazimika kusimama na kumkaribia ili amsikie. Mimi nilidhani ni kifua.

Mwanawe hakukubaliana na mambo haya, na si haki nimwache aonekane mgomvi tu. Alikuwa amesoma. Usiku mmoja alimwambia baba yake kwamba upole ndio ulioibomoa Jerusalem, na Talmudi imeandika hivyo. Mtu mmoja alifanya karamu, akamtuma mtumishi amwite rafiki yake Kamtza. Mtumishi akakosea akamleta adui yake, Bar Kamtza. Mwenye nyumba akamwamuru atoke. Yule akaomba asiaibishwe: atalipa alichokula, atalipa nusu ya karamu, atalipa karamu yote. Akashikwa mkono akatolewa. Na wenye elimu walikuwa wamekaa pale wanatazama. Kwa uchungu huo akaenda kuwachongea kwa Kaisari, akarudi na ndama wa sadaka ya Kaisari aliyemtia kilema kwa siri, ili akikataliwa waonekane waasi. Wahenga walitaka kumtoa ndama hivyo hivyo kwa ajili ya amani. Zakaria ben Avkulas, mmoja wao, akakataa. Wakataka kumuua mchongezi, akakataa tena. Na rabi, yaani mwalimu wa dini, Yohanani akasema: unyenyekevu wa Zakaria umeibomoa nyumba yetu. Mwaka 70 Hekalu likaungua.

"Umeona?" mwana akasema.

Ami alirudia kwanza maneno yote ya mwanawe, pole pole, akamuuliza kama ameyataja sawasawa. Kisha akasema juu ya Zakaria hana la kumtetea. "Lakini wale waliokaa kimya karamuni usiniitie wapole. Walikuwa wanakula."

Mara nyingine tena alinisomea kisa cha rabi Elazari aliyekuwa akirudi kutoka kwa mwalimu wake juu ya punda, amefura kwa elimu, akamtukana mpita njia kwa sura yake mbaya, na yule akamwambia: nenda ukamwambie fundi aliyenifinyanga. Mwisho wa kisa ni kwamba mtu awe laini kama tete, asiwe mgumu kama mwerezi, na ndiyo sababu tete limepewa heshima ya kuwa kalamu ya kuandikia Torati. Waandishi wa Kiyemeni hata leo wanachonga tete. Wayahudi wa Ulaya wanatumia unyoya. Kalamu hiyo wanaiita kulmus. Kulmus, kalamu: neno ni lile lile, Wagiriki walilitumia kwa tete kabla yetu sote. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo. Nilimwona akichonga matete kibarazani, anakata ncha kwa mshazari, anaijaribu ukuchani, anaichovya. Alikuwa hachapi watoto, na sisi tulimcheka kwa hilo. Tulisema hana nguvu.

Kwa kaka yangu nilijaribu njia ya nyumba ya Hilleli. Nilimpigia simu nikaanza na madai yake yeye: kwamba yeye ndiye aliyemuuguza baba, yeye ndiye aliyelipa kodi za kiwanja, mimi nilikuwa Ulaya. Kimya kirefu upande wa pili. Kisha akaniuliza, "Wewe umelewa?" Kiwanja bado hatujagawana. Lakini ananipigia.

Nilirudi Mombasa baada ya Ami kufariki, na sasa nina mtoto wa miaka mitano. Ijumaa iliyopita, saa sita kasorobo, muadhini anakaribia kuadhini, niko bafuni, povu kichwani hadi machoni, maji ya bomba yamekatika nachota kwa kopo. Mlango unagongwa. Nikapiga ukelele mmoja, wa Kiberiti, uliosikika kwa majirani. Kukawa kimya. Halafu mlango ukagongwa tena, kidogo, kwa kidole kimoja.

Nikajifunga kikoi, nikatoka na povu langu.

"Baba, kwa nini paka hana nyusi?"

Sijui kwa nini paka hana nyusi. Nilichuchumaa, sabuni inaniwasha, tukamtafuta paka.